Kinanda Kililia Nikiwa Nimeshika Chupa ya Maji

Shangazi mpendwa, shikamoo, nisaidie maana tangu Jumamosi mwili uko hapa lakini akili haipo. Mimi ni mpiga kinanda wa bendi ya roki, mwaka wa kumi na mbili sasa, bendi niliyoianzisha na mdogo wangu wa tumbo moja, yeye ndiye mwimbaji, na kuimba nilimfundisha mimi chumbani kwa mama. Jumamosi mchana tulikuwa ukumbini tukijaribu vyombo, nikainama nyuma ya kinanda kuokota kofia, nikaona waya wangu, ule wa kwenda kwenye spika kubwa, umekunjwa vizuri, umejaa vumbi, haujachomekwa popote, uliobaki ni waya mwembamba wa hedifoni zangu tu. Nimesimama pale na chupa ya maji mkononi, fundi mitambo hajaniona, akabonyeza kompyuta yake, na Shangazi, ukumbi mzima ukajaa kinanda changu, ule mwanzo wa wimbo wetu mkubwa, na mimi sijagusa kitu.

Nilimfuata fundi nikamuuliza. Akaniambia, "Kaka, mimi nilijua unajua. Hiyo ni rekodi yako mwenyewe ya zamani. Muulize mdogo wako, mwaka wa tatu huu." Miaka mitatu watu wananipigia makofi kumbe najipigia mwenyewe masikioni. Mdogo wangu nilipombana alitazama viatu vyake, akasema, "Tutaongea nyumbani, kaka," na hajaja, na nikimpigia simu simwelewi, siku hizi ananong'ona tu, kama mke wangu, ambaye naye ananuna eti kaniita mara tatu wakati hajaniita, na ugomvi wa sauti ya televisheni hauishi. Hata mpiga dramu, jirani yangu jukwaani tangu siku ya kwanza, ananigusa bega kila wimbo ukianza kana kwamba mimi mgeni. Wiki ijayo tuna onyesho kubwa. Nimepania kuichomoa kompyuta ya fundi mbele ya watu wote, waone, kisha niondoke. Nifanye hivyo?

Mpiga Kinanda Asiyesikika

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliiweka chini, nikaichukua tena, maana sikuamini. Mdogo wako amekukosea na sitamtetea. Kumwacha mtu mzima apige kinanda kisichotoka kwa miaka mitatu ni kumdhalilisha, na angekuwa mbele yangu ningemvuta sikio.

Sasa zamu yako. Umeandika barua ndefu kuhusu waya, na hukusoma ulichoandika. Mke anakuita mara tatu. Simu inanong'ona. Mpiga dramu anakugusa bega kwa sababu bila hivyo hujui kama wimbo umeanza, na matoazi yake yamelia karibu na kichwa chako miaka kumi na miwili. Watu wote hao hawakukaa kikao wakakubaliana kupunguza sauti. Husikii vizuri, mwanangu, na nadhani umeshahisi hivyo. Namba yangu ya simu iko juu ya ukurasa huu, wenzako wote huipiga, wewe ukaandika.

Na ingawa inauma, ulipoanza kukosea wangeweza kuleta mpiga kinanda mwingine. Hawakuleta. Walikuwekea mikono yako mwenyewe ya zamani, kisha wakakosa ujasiri wa kukuambia. Ni upendo wa watu waoga, na umekunyima miaka mitatu ya matibabu. Hasira yako iweke hapo.

Kompyuta ya watu usiiguse, utakayeumbuka ni wewe. Jumatatu asubuhi nenda kwa daktari wa masikio, na mdogo wako aende nawe hata ikibidi umburute kwa shati, akae ndani ya chumba kile asikie majibu. Halafu achomeke ule waya mazoezini, mpige wimbo mmoja, akwambie usoni kila ulipokosea. Akishindwa hata hilo, onyesho lao wafanye na kompyuta yao, wewe kaa nyumbani.

Lakini kwanza leo, mpe mke wako mgongo, mwombe akuite mara moja tu kwa sauti yake ya kawaida. Ukigeuka, niandikie unitukane.