Nafasi Kando ya Bitutu

Nakuru,
9 Machi 2025

Mwanangu Oyaro,

Huu ni mwaka wa kumi na saba tangu nitoke Kedowa, na bado nikitaka kuandika tarehe mkono huanza na jina la kule.

Nakusalimu, wewe na Beverly na watoto. Natumaini kifua cha mdogo kimepona na joto la Mombasa limepungua. Mimi ni mzima, isipokuwa goti linalonisumbua asubuhi.

Nimepata ujumbe wako. Unasema umesikia watu wa madini wameingia Kedowa, kwamba shamba letu sasa litakuwa na thamani, na kwamba Pasaka hii twende na wakili tumwambie Kipkosgei atoke. Kabla hujazungumza na wakili, isome barua hii hadi mwisho.

Kwanza, hakuna dhahabu iliyoonekana. Kazi yao naielewa kidogo, maana nilifundisha jiografia, na Valary, binti wa dada yako Moureen, yumo katika kundi lao. Wanafukia vipima mitetemo ardhini, kimoja hapa, kingine mbali, na kuviacha mwaka mzima visikilize. Ardhi ikitetemeka hata upande wa pili wa dunia, mawimbi hupita chini yetu. Kwa kulinganisha yanapowahi na yanapochelewa, wanachora picha ya ganda la dunia kwenda chini kilomita thelathini, arobaini. Wanatafuta mipasuko ya kale ambamo maji moto yenye madini yalipandia. Picha hiyo haisemi dhahabu iko wapi. Inasema tu pa kuanzia kutafuta.

Chombo hicho kinataka utulivu. Ng'ombe akipita karibu, kinamsikia. Walipofika kwetu (bado nasema kwetu), Valary alijua yuko wapi tangu getini, lakini hakujitambulisha. Walipita katikati ya michai mpaka wakaona kipande kilichozungushiwa ua, hakilimwi wala hakuna njia inayokikata. Wakafurahi. Kipkosgei akawakatalia. Vijana wakamtania, wakamuuliza kama mzee ameficha dhahabu yake hapo. Hakucheka. Akasema, "Hapo hapana. Chimbeni hata kwa boma ya ng'ombe. Hapo kuna mama ya watu amelala."

Ndivyo Valary alivyoliona kaburi la nyanya yake.

Kiongozi wao akauliza watu wa huyo mama walienda wapi. Kipkosgei akajibu kwamba waliuza wakarudi kwao. Nani aliuza, Oyaro? Wewe ulikuwepo. Katika ghasia za uchaguzi nyumba ilichomwa tukiiona, tukaondoka na nguo za mwilini. Sisemi ni yeye aliyewasha. Yeye alihamia majivu yalipopoa.

Basi chombo kikafukiwa karibu na boma la ng'ombe. Valary anasema kitarekodi kwato kuliko kitu kingine, na katika picha yao ya huko chini, sehemu ya kwetu itatoka na ukungu. Ninakiri habari hiyo ilinifurahisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo Moureen bado sijamwambia. Wakipakia vyombo, Kipkosgei alimwita Valary kando. Alikuwa amemwona akicheka na wenzake, na ule mwanya wa meno unajua ameutoa wapi. Hakumuuliza jina. Alimwambia, "Salimia mwalimu. Mwambie nafasi yake iko. Hakuna mtu ataigusa." Valary akatazama tena ule ua. Ulikuwa mpana. Ulitosha watu wawili.

Unajua nilivyoitaka nafasi hiyo. Mara nyingi nimewaambia kwamba mkinizika kwingine mtakuwa mmenizika ugenini. Niliposikia maneno yale nililia, na machozi ya kwanza yalikuwa ya shukrani, siwezi kukuficha. Kisha nikaelewa. Mtu huyu anajua vizuri shamba ni la nani. Angekuwa amenunua, angelima mpaka kwenye kaburi. Amenitunzia mahali pa kuingia nikiwa nimebebwa. Nikienda kwa miguu yangu, pa kuweka kiti hakuna. Na siku ya mazishi angesimama kando ya jeneza langu kama mwenyeji, awapokee nyinyi, awape pole, awamiminie chai ya miche niliyoipanda na mama yenu.

Hati ya shamba, nakala niliyopewa baadaye na ofisi ya ardhi, iko kwangu. Haki ni yenu pia, kwa hiyo ukitaka kwenda mahakamani nitakupa, nenda. Ila usiniweke mimi katika safari hiyo, wala usiniweke katika ule ua. Hapa nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi, nimempeleka mchungaji nikamwonyesha mahali. Mama yenu Bitutu nimemweleza, kwa namna ninavyozungumza naye. Sijui kama amekubali.

Nisalimie Beverly na wajukuu wangu. Mtoto apewe maji ya uvuguvugu. Ukiandika, nieleze kama hasira imekushika, nami nitaielewa.

Kedowa sitarudi, nikiwa hai wala nikiwa maiti.

Mimi baba yako,
Ondieki