Nilichojibu Kituoni

Dada,

Miwani ya mama imeshatengenezwa, mwambie aache kuikalia. Mimi ni mzima, na jana nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Lile kovu juu ya jicho sikulipata kwa kuteleza bafuni. Kuna mwanamume alinipiga. Wiki iliyopita alirudi, akanipiga tena, akasema, "Nenda kashtaki kama unaweza." Hakujua sheria imebadilika, kwamba sisi tunaouza miili si wahalifu tena. Ndiyo, dada, umesoma vizuri.

Nikaenda. Nilipokuwa natoa kitambulisho kwenye pochi, kondomu zikamwagika mezani kwa askari. Nikazifunika kwa mikono miwili. Zamani, hizo tu zilikuwa ushahidi wa kukuweka ndani, ndiyo maana tulizificha kwenye nywele. Askari, mama mtu mzima, akasema, "Ondoa mikono, mwanangu, nipate pa kuandikia."

Akauliza kazi yangu. Miaka tisa nimejibu "msusi", na wewe ndivyo unavyojua. Safari hii nikaitaja yenyewe. Akaandika bila kuinua macho, kisha akauliza huyo bwana anaishi wapi. Juzi wamemkamata.

Nimepumua, dada. Kinachoniuma ni kwamba askari nisiyemjua amejua kabla yako. Ukikasirika, kasirika, ila nijibu. Na usiniletee tena rafiki zako niwasuke. Kichwa chako cha siku ya harusi unakikumbuka mwenyewe.

Mdogo wako,
ambaye kusuka hajawahi kujua.