Pumzi Kabla ya Pigo

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Gwaride saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande. Soksi zimelowa tena. Tuko kumi na mmoja katika kozi ya Uongozi na Muziki wa Kanisa, mwanamke ni mimi peke yangu. Sisi si askari. Kapteni ndiye aliyekuwa askari, hadi alipostaafu na chuo kikamchukua atufundishe. Anaamini kwamba asiyeweza kugeuza kikosi hawezi kuongoza kwaya.

Leo amerudia somo lake lile lile. Ukisema "Nyuma, geuka!", neno la kwanza ni onyo, la pili ni amri. Ukitoa amri bila onyo, watu watagongana. Kwa kwaya ni hivyo hivyo. Mkono unapanda na kiongozi anavuta pumzi: onyo. Mkono unashuka: amri.

Josphat ana amri nzuri kuliko sisi sote. Onyo hana. Mkono wake unashuka tu, kama wa mtu anayepasua kuni.

Chakula cha mchana, muthokoi. Muthokoi jioni.

Alhamisi, 7 Oktoba

Orodha ya mtihani wa vitendo imebandikwa. Tarehe 24, kanisani mjini, katikati ya ibada, mbele ya mtahini mgeni. Kila mtu na wimbo wake. Isipokuwa mimi. Wimbo wangu upo, ile Zaburi niliyoitungia sauti nne mwaka jana. Kando yake: Josphat, kiongozi. Mutheu, msaidizi.

Nilikwenda ofisini. Kapteni hakunizungusha. Wazee wa kanisa wamekataa. Mwanamke hawezi kusimama mbele na kuwapa waumini mgongo wakati wa ibada. Pale pale mbele sisi wanawake tunafagia kila Jumamosi. Tunapanga maua. Mgongo wetu haujawahi kumdhuru mtu tukiwa na fagio.

"Utawafundisha wimbo, yeye atausimamia," alisema. "Alama zako nitazipata kwenye karatasi ya wimbo."

Cheti kitasema msaidizi wa kwaya. Sijawahi kuona kanisa likitafuta msaidizi. Miaka miwili. Nina hasira hadi mkono unachora badala ya kuandika.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mazoezi na kwaya ya kanisa. Nimewafundisha kwa solfa, sauti moja moja, kwa muda wa saa tatu. Walishika vizuri. Kisha nikarudi kwenye mstari wa alto na Josphat akasimama mbele.

Mara ya kwanza besi waliingia peke yao. Mara ya pili hakuna aliyeingia. Watu wakaanza kucheka. Mara ya tatu nikavuta pumzi kwa nguvu pale niliposimama, nikainua kidevu kidogo. Wote wakaingia kama kwa mlango mmoja.

Josphat alitabasamu. Alifikiri ni yeye.

Mama Kalondu, ambaye husimama kando yangu, alinipiga kiwiko. "Huyo anafukuza nzi. Sisi tunakuangalia wewe."

Nilifurahi sana. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 12 Oktoba

Josphat anajua. Alinisubiri nyuma ya jikoni, akizungusha kofia mikononi.

"Dada Mutheu, nisaidie. Nikiinua huu mkono natetemeka. Nikishusha haraka, haionekani."

Kanisa moja kule Kithimani linamngoja Januari. Mama yake, huko Mwala, ameshawatangazia watu. Akianguka mtihani huu hana pa kurudi. Aliniomba nivute pumzi siku ya mtihani kama nilivyofanya Jumamosi.

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka tu, kama "shikamoo" linavyotoka ukimwona mtu mzima.

Jumapili, 17 Oktoba

Nyumbani Mumbuni. Mama alinieleza tukiosha vyombo, kwa sauti ya chini: Baba ni mmoja wa wazee waliopiga kura. Hakuwapinga wenzake. Aliinua mkono pamoja na wengine.

Mezani Baba aliomba kwa ajili ya "huyu mtoto wetu anayejifunza utii". Nikasema amina. Nilikula. Nikaosha na sahani yake.

Chuoni ni mstari wa alto. Nyumbani ni sahani. Sioni tofauti.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Chuo kitupu. Nilisimama katika kanisa dogo la chuo nikaongoza wimbo wote, viti vitupu. Kichwani mwangu waliingia sawasawa. Nililia kidogo, kisha nikaona aibu.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimeamua. Kesho sitavuta pumzi. Aongoze mwenyewe, si ndiye kiongozi?

Jumapili, 24 Oktoba

Nataka kuliandika kama lilivyotokea.

Tulikuwa wa nne. Kanisa limejaa, wengine wamesimama nje madirishani. Mtahini mgeni alikuwa amekaa upande wa kushoto na karatasi magotini. Baba kwenye kiti cha wazee. Josphat akaja mbele na suti ya kuazima, akatoa sauti ya kuanzia, akanitazama.

Wote walikuwa wananitazama. Wanakwaya thelathini na mmoja. Mkono wake ukashuka. Nikafunga mdomo, nikaangalia sakafu.

Soprano wawili waliingia. Mmoja akanyamaza katikati ya neno. Teno wakaingia wamechelewa. Besi wakaanza mahali pao wenyewe. Halafu kimya. Mtoto mmoja alicheka. Josphat akaanza upya. Vile vile. Nilisikia akisema, kwa mnong'ono, "Dada, tafadhali." Wa viti vya mbele walisikia pia.

Sikuinua macho.

Kapteni alisimama mwenyewe, akavuta pumzi kama anayeamuru kikosi, akashusha mkono. Waliimba hadi mwisho. Vibaya.

Nje Mama Kalondu alikuwa akilia, kitambaa cha kwaya kimevutwa hadi machoni. Anauza mboga sokoni toka Jumatatu hadi Jumamosi na hakuwa amekosa zoezi hata moja. "Wazee ndio waliokukosea, mwiitu wakwa," alisema. Mwiitu wakwa, binti yangu. Bado aliniita hivyo. "Sisi tulikukosea nini?"

Nilikuwa nimewalenga wazee. Wazee hata hawakujua kuna kitu kimewapiga.

Jumatatu, 25 Oktoba

Ofisini tena. Kapteni alijua toka mwanzo. Aliona kidevu changu siku ya mazoezi. Hakusema kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda.

Hakunipigia kelele. Alisema jeshini jambo hili lina jina, na adhabu. Kisha akasukuma karatasi mezani. Imeshachapwa. Inasema nilipatwa na kikohozi ghafla, sikuweza kuimba. Nikitia sahihi, yameisha: Josphat atarudia Jumapili, na mimi nitapata cheti changu cha msaidizi. Nisipotia, ni kesi ya nidhamu, na sitahitimu.

"Nakufungulia mlango," alisema. "Pita."

Ni mlango kweli. Ila nikipita najikuta ndani zaidi.

Amenipa hadi Jumapili.

Jumanne, 26 Oktoba

Sikulala vizuri. Kuna jambo ambalo sikutaka kuliandika humu.

Ningeweza kumfundisha Josphat kuvuta pumzi. Si kazi ngumu. Siku mbili, labda tatu. Niliona kosa lake toka Agosti na nilijua dawa yake. Sikumfundisha kwa sababu nilipenda wanaponitazama mimi. Nilitaka asijue kuvuta. Wazee walininyima mahali pa mbele, nami nikajitengenezea pangu kwa siri, juu ya udhaifu wa mtu mwingine.

Wamenikosea. Hilo halibadiliki. Lakini hili ni langu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Nimemfundisha. Jana na leo, uwanjani baada ya gwaride. Alikuja amenuna, ana haki. Nilimwambia anyanyue mkono kama anayeinua kikombe cha chai ya moto, avute harufu yake, halafu ashushe.

"Sasa chai yenyewe iko wapi?" aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka tangu Jumapili.

Mara ya kumi na kitu aliipata. Nilijua kwa sababu nilivuta pumzi pamoja naye bila kukusudia.

Nilikwenda sokoni kwa Mama Kalondu kuomba msamaha. Alinipa mafungu mawili ya sukuma wiki nimpe mpishi wa chuo, akasema nisimame vizuri, nisikunje mgongo kama mwizi.

Jumapili, 31 Oktoba

Sikuruhusiwa kukaa na kwaya. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, na akina mama wenye watoto wachanga.

Josphat aliinua mkono. Akavuta. Akashusha. Wote thelathini na mmoja waliingia pamoja. Sijawahi kuusikia wimbo wangu kutoka upande wa wasikilizaji. Ni mzuri. Ubeti wa tatu alto iko chini mno, nitairekebisha.

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Iliniuma. Kisha ikapoa kidogo.

Baada ya ibada nilimpa Kapteni karatasi yake, bila sahihi. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa mkono: Sikuwa na kikohozi. Nilinyamaza kwa makusudi kwa sababu nilinyimwa mtihani wangu. Niliwakosea wanakwaya na Josphat, nimewaomba radhi. Kwa wazee sina la kuomba radhi.

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena. Akaikunja, akaitia mfuko wa koti. "Basi nenda ukafungashe," alisema. Sauti yake haikuwa kali.

Jumatatu, 1 Novemba

Mumbuni. Sanduku bado liko mlangoni, limefungwa kwa kamba.

Mvua imeanza. Tangu saa nane mimi na Mama tumekaa barazani tunachambua mbaazi. Karai limejaa, ameleta jingine.

Baba amerudi sasa hivi. Naona viatu vyake vya matope hapo kizingitini. Amelitazama sanduku, amepita, amekaa kwenye kiti chake. Ananisubiri nianze. Nitamaliza hizi mbaazi, ninawe mikono, nimwambie.