Soda Chungu ya Shemeji

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo kwa baba. Natumaini kahawa imezaa vizuri na goti la baba limepata nafuu. Mimi sijambo. Mjukuu wenu anahesabu mpaka kumi, ila saba huiruka. Dada Koku leo ni mzima. Nimeandika "leo" kwa makusudi, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita baba.

Alhamisi shemeji atapanda meli na dada kuja huko. Mimi ameniambia nibaki na mtoto wao. Kwa majirani anasema wanakuja kuwasalimu, lakini nimemsikia akimwambia rafiki yake kwamba atamwacha dada kwenu, kwa sababu damu ya ukoo wetu ni mbovu. Nilimwambia dada. Akasema, "Twende tu. Maneno hayo ayaseme mbele ya baba." Ndiyo maana barua hii inatangulia kwa meli ya kesho, mkononi mwa mwalimu jirani yetu.

Wakati wa masika dada alishikwa na homa, dresa wa zahanati akampa vidonge vya kwinini. Siku ya tatu fizi zikaanza kutoka damu, na miguuni yakatokea madoa madogo mekundu, kama amechomwachomwa na sindano. Mapajani alikuwa na mabaka meusi, ingawa hakuna aliyempiga. Dresa, ambaye hutembea na kalamu tatu mfukoni, akasema homa ni kaidi, akaongeza vidonge. Pua nayo ikaanza kuvuja. Ndipo tukamkimbiza hospitali.

Daktari alitazama damu yake kwa hadubini, akauliza amekunywa dawa gani. Shemeji akajibu, "Za kawaida tu, daktari." Mimi nilijua, lakini unanijua, mama, sauti yangu hukwama mbele ya watu. Dada mwenyewe ndiye aliyesema. Daktari akatueleza taratibu. Katika damu kuna chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kuziba mahali palipochubuka. Watu wengi hunywa kwinini wasidhurike, lakini kwa wachache dawa hiyo huifanya damu iziharibu chembe zake yenyewe. Za dada zilikuwa zimebaki kidogo mno. Akiacha dawa zitarudi, akirudia anaweza kuvuja damu kichwani akafa. Aliandika kwenye karatasi kwamba asipewe kwinini maisha yake yote. Shemeji akaikunja akaitia mfukoni, na sijaiona tena.

Dada alipona. Kisha shemeji akapewa ofisini kiti cha Mzungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru, na toka siku hiyo hatembei, anapita. Kile kikapu ulichompa dada siku ya harusi, cha kuwapa wageni kahawa ya kutafuna, kimetupwa jikoni kwenye vitunguu. Kutafuna kahawa ni ushamba, anasema. Jumamosi jioni wageni wake hupewa soda fulani isiyo na rangi, ambayo Mzungu wake alikuwa akinywa. Husimama na glasi akiwasomea gazeti la Kiingereza, hata wale wasiokijua, nao huitikia kwa kichwa. Dada hulazimika kukaa nao na kunywa, maana mke wa bwana mkubwa hanywi maji ya mtungi.

Jumapili ya kwanza madoa yalirudi miguuni. Ya pili, mabaka mikononi. Bombani wanawake walimpokea, "Koku, mumeo kapandishwa cheo, naona na mkono wake umepanda." Wakacheka. Maneno yalipomfikia shemeji, hakuuliza dada anaumwa wapi. Alizunguka kwa majirani kueleza kwamba yeye hapigi wanawake, ni damu mbovu ya kwao. Kumbe jina lake ndilo lililokuwa linavuja.

Jumamosi ya tatu nilikuwa naosha glasi. Nilionja soda iliyobaki, na ulimi ulitambua kabla ya akili. Ilikuwa ladha ya kidonge cha homa walichokuwa wakitupatia masista shuleni. Nikaichukua chupa, nikasoma karatasi yake. Neno kwinini limeandikwa pale waziwazi, kwa Kiingereza.

Nilitoka nayo barazani. Wageni walikuwa wameondoka, isipokuwa yule rafiki yake. Nikasema, "Shemeji, humu mna kwinini."

Hakuitazama. "Hiyo ni soda, binti, si dawa. Darasa la nane limekufanya daktari?"

"Daktari alisema asipewe."

"Mimi nainywa kila Jumamosi. Umewahi kuniona natoka damu?" Akamgeukia rafiki yake. "Unaona? Soda haina kosa. Kosa liko kwenye damu yao."

Rafiki akacheka. Mimi nilirudi jikoni, na hilo najilaumu. Lakini dada alikuwa amesikia. Aliimwaga glasi yake kwenye jivu akasema, "Niliona ni chungu, nikadhani ndiyo ladha ya ukubwa."

Hajainywa tena, na sasa ni wiki ya tatu. Hana doa hata moja.

Mama, nimeungama kwa padre kwamba namdharau shemeji. Alinipa Salamu Maria tatu. Nimezisali, na dharau iko palepale.

Nisalimie bibi, umwambie ushanga aliompa mtoto hatuuvui. Nisalimie kaka, na shangazi anayeishi karibu na kanisa. Jibu la chuo cha ualimu nilichoomba nafasi likifika huko, lifungueni.

Shemeji akifika mkaribisheni vizuri. Mpeni kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine yeyote, na mwacheni aongee habari za damu mpaka amalize. Humu ndani nimeweka karatasi ya ile chupa. Niliibandua kwa maji ya moto, haikuchanika. Baba amwombe aisome kwa sauti mbele ya wazee, neno kwa neno, kisha awaeleze maana yake. Hatakataa. Anapenda sana kuwasomea watu Kiingereza.

Mwanao anayekukumbuka,
Kemilembe