Namba za Siri Bado Zinaenda kwa Simu Yake

Dada Waithira, nisaidie kabla sijaenda Gatina kujiaibisha.

Niko na kahoteli Laini Saba, karibu na reli, na mume wangu Dalmas ndiye alinifungulia akaunti ya serikali ya kulipia leseni tulipokuwa pamoja, akaweka namba yake ya simu kwa sababu mimi nilikuwa na kabambe tu, ile simu ndogo ya vitufe, halafu akaniacha akahamia Gatina kwa mwanamke anaitwa Audrey, na sasa kila nikitaka kuingia kwa hiyo akaunti namba za siri zinaenda kwa simu yake, inabidi nimwandikie nimwombe.

Ofisi ya wadi kuna msichana anaitwa Wacera, kazi yake ni kusaidia watu na hizi huduma za mtandao. Aliniambia, "Mama, nipe kitambulisho tubadilishe namba. Usiendelee kuomba mtu." Nikamwambia nimekisahau nyumbani, na nilikuwa nacho. Dada, Dalmas hapokei simu zangu, hata mtoto akiwa mgonjwa, lakini nikimwandikia nataka zile namba anapiga mwenyewe, anauliza biashara inaendaje, siku moja hata alicheka, na hicho kicheko nilikaa nacho wiki nzima.

Leseni ilipoisha nilimwandikia, asipopiga nikapiga mimi, akapokea Audrey. Akasema, "Namba zimefika. Lakini kwanza niambie wewe ni nani kwake." Nikamwambia anisomee tu hizo namba. Akasema, "Hata hujui," akakata.

Kanjo, askari wa kaunti, walikuja wakafunga hoteli, wakabeba sufuria chakula kikiwa ndani. Caren, ambaye alikuwa ananipikia chapati hapo hotelini na analea watoto peke yake, nilimwambia mtandao wa serikali ndio umeharibika, na yeye anailaani serikali kila siku mbele yangu. Niende nikutane na Dalmas ana kwa ana, ama ningoje roho yake irudi?

Celine, Laini Saba

Celine,

Gatina usiende. Audrey atakuuliza swali lile lile, safari hii majirani wakisikia.

Nakuhurumia. Serikali ilihamishia kila kitu kwa simu bila kuuliza simu ya nyumba iko mikononi mwa nani, na wanawake wengi wananiandikia wakiwa wamefungiwa nje na waume, na wakwe, hata na marehemu. Wengi wao huko kwao hakuna wa kuwasaidia. Wewe ulikuwa na Wacera, ukamdanganya.

Dalmas alikupigia kwa sababu anapenda kuombwa. Usiite hayo mapenzi. Mwanaume ambaye roho yake inarudi hupokea simu mtoto wake akiugua.

Chukua kitambulisho na laini yako ya simu, urudi kwa Wacera, umwambie ukweli na ubadilishe namba. Wakikuambia usubiri, subiri, na urudi tena mpaka ikubali. Leseni ikitoka ndipo uwafuate kanjo kuhusu sufuria zako. Na Dalmas kama hataki kusikia habari za mtoto kutoka kwako, mpeleke kwa mahakama ya watoto, atazisikia huko.

Lakini kabla ya hayo yote, pitia kwa Caren. Mwambie mtandao haukuharibika, na kwamba amekosa kazi kwa sababu ulitaka kusikia sauti ya mume aliyekuacha. Akikutukana, mwache amalize. Na ukifungua tena asikubali kurudi, usimlaumu.

Waithira