Naliogopa Dirisha la Kliniki Kuliko Homa

Mama Constance mpendwa, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba uniahidi kwamba haya yatabaki kwako, na ukilazimika kuyachapisha uondoe jina langu na mtaa wangu, kwa sababu sisi watu wa Kiswahili hapa Durban ni wachache na kila mmoja anamjua mwenzake, na mimi nikitambuliwa nitakuwa nimemwaibisha mtu ambaye huenda hana kosa lolote.

Mimi ni karani wa getini katika ghala moja Mobeni, nimesoma hadi chuo, na mume wangu Bheki ni mwanajeshi, yuko lindo la mpakani huko kaskazini ambako simu hushika leo na kupotea wiki nzima. Alileta mahari mwaka jana, mjomba wangu Nasibu akaipokea mbele ya watu, na tangu siku hiyo Bheki ananiambia nisiwe na wasiwasi wa ugonjwa, kwamba familia ya mwanajeshi ina bima, ukiumwa ghafla unaingia kliniki ya dharura iliyo kwenye mpango bila miadi, unataja namba tu. Namba alinitumia, ni picha ya kadi yake upande wa mbele, na kila nikiulizia kadi yangu hunijibu, "Inakuja, sthandwa, mpenzi wangu, jeshi halina haraka."

Sasa nina mimba changa, na tangu Ijumaa nina homa, mgongo unanichoma upande mmoja chini ya mbavu, na nikienda haja ndogo nauma meno kwa maumivu. Kliniki ipo Overport, taxi moja tu kutoka chumbani kwangu mtaa wa Point, na nimefika mlangoni mara mbili nikarudi, kwa sababu naliogopa lile dirisha la mapokezi, naogopa karani ataandika namba, atatazama kompyuta, kisha ataniambia jina langu halipo, au baya zaidi, kwamba lipo la mke mwingine.

Sauti hiyo naijua kwa kuwa ni yangu. Dereva akija ghalani kuchukua mzigo natazama kwenye kompyuta, na jina lake likikosekana nasema, "Baba, humu hupo, sogeza gari pembeni," na nimeona wanaume wazima wakibadilika uso, ingawa wengi hupiga simu kwao, jina likaingizwa, nami nikawafungulia. Mimi nitampigia nani? Bheki hapatikani, na akipatikana nitamuulizaje bila kumwambia kwamba simwamini?

Jirani yangu Immaculée, msusi, alinikuta nimejikunja kitandani akaniuliza, "Dada, iko mgongo inakuuma ama iko bwana?" Nikasema ni baridi. "Eish," akasema, "baridi ya Durban inashika tu wenye bwana askari." Nilicheka naye, na alipotoka nikalia.

Niende, au nimsubiri Bheki? Ukitaka kunipata usipige ofisini, wala usinitumie ujumbe, maana mjomba huishika simu yangu. Piga saluni ya Immaculée jioni, huwa nipo naye, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii, useme unamtafuta binti wa kukusuka uende kilioni. Ukiulizwa lini, sema, "Hata leo." Nitajua ni wewe.

*(Namba tumeiondoa, na majina ya watu na ya mitaa tumeyabadilisha. Mwandishi mwenyewe ameridhia tuchapishe.)*

Mama Constance anajibu

Binti yangu, homa ya mjamzito haingoji siku ya gazeti. Jioni ile ile nilipiga saluni nikaomba binti wa kunisuka niende kilioni, hata leo, na jirani yako akanijibu, "Mama, huyu hawezi kusuka mtu, anatetemeka." Ulipoishika simu nilikukemea, na nitakukemea tena hapa ili wengine wasikie.

Mwanamke msomi, kutwa anakagua majina ya watu, anaiachia figo iungue kwa hofu ya kuulizwa jina lake. Maradhi hayasomi kadi. Unapokuwa na homa na mimba, swali la kwanza ni mlango upi ulio karibu. Mume, bima na mjomba watafuata nyuma.

Ulikwenda, Immaculée amekushika mkono, na ikawa kama ulivyoogopa: karani aliandika, akatazama kompyuta, akasema jina lako halipo. Kuhusu mke mwingine hakusema neno, wala si ruhusa yake kusema. Ukanieleza kwamba uliketi kwenye benchi la mapokezi. Pole sana, mwanangu. Lakini muuguzi alitoka, akakupima palepale kwenye benchi, akakuandikia barua ya hospitali ya serikali, na huko hawakukuuliza bima. Umetundikiwa dripu, umepewa vidonge vya figo, homa imeshuka, mtoto yumo salama. Neno uliloliogopa umeshalisikia, na bado unapumua.

Sasa Bheki. Mimi sijui kama ni mwongo au mzembe, na wewe hujui. Mahari iliyopokewa mbele ya watu haionekani kwenye kompyuta ya bima. Wao hutaka cheti cha ndoa, na katika barua yako yote sikuona mahali mlipokwenda kuandikisha. Ukipata nguvu, nenda na mjomba wako kambini alikotoka Bheki, kwenye ofisi inayohudumia familia, mkaulize mke anahitaji nini ili aandikishwe. Kuuliza utaratibu si kumshtaki mume.

Simu ya Bheki ikishika, usimwulize kama anakupenda. Mwambie, "Nililazwa, jina langu halikuwapo, likizo yako ijayo twende tukaandikishe ndoa." Kisha nyamaza. Akisema twende, alikuwa mzembe. Mseme kidogo, mwendelee. Akianza kuzunguka, mjomba aliyepokea mahari ndiye amwite, naye ajibu mbele ya watu wale wale.

Madereva wako wenye haki ya mzigo hawarudi walikotoka. Husogea pembeni wakapiga simu. Fanya kama wao. Mpaka jina lako liingizwe, kliniki ya wajawazito ya serikali ndiyo yako, usikose tarehe hata moja. Na vidonge vile uvimalize vyote, hata ukijisikia mzima.