Kiti cha Elema

Kwa dada yangu Wakiuru,

Habari za huko Nyeri? Sisi tuko salama, ila situlii. Nimeinuka mara tatu nikiandika barua hii.

Unamkumbuka jirani yetu Elema. Yeye ndiye hutuchinjia mbuzi wa Krismasi, ili Waislamu wa mtaa nao wale kwetu. Mwezi jana alisingiziwa wizi wa ng'ombe. Siku hiyo alishinda dukani kwangu, lakini kwenye baraza nilinyamaza, nikiogopa kupoteza wateja.

Nilidhani leo hatakuja. Alikuja, akachinja, akanawa mikono. Nikamwekea kiti chake cha kila mwaka.

"Kuleni tu, Mama Njeri," akasema, akaenda zake.

Kiti bado kiko uani. Watoto wanataka kukikalia, nami nawakataza.

Mdogo wako,
Wanja